Mmea wa Kopo la Maziwa

Harufu ya moshi wa makaa na maturubai yaliyolowa hunichosha hadi leo. Ndiyo harufu ya msimu tulioishi kambini, nje kidogo ya Goma, juu ya mawe meusi ya volkano. Tulikuwa tumekimbia vita kwa miguu kutoka milima ya Masisi, mama akibeba sufuria na mdogo wangu, mimi mkeka. Papa, yaani baba yangu, mwanamume mwenye mabega ya kubeba gunia la maharagwe, alibeba kopo la maziwa ya unga lenye mche ndani. Mama alimsema njia nzima.

Ulikuwa mmea mdogo, majani yamepinda upande kama sikio la mbuzi, maua ya waridi hafifu. Kwetu uliota mahali pamoja tu, kwenye mwamba wenye kivuli karibu na maporomoko ya maji. Mtafiti mmoja mgeni, ambaye papa alimwongoza msituni, aliuita begonia, akasema hajauona kwingine, akaahidi kurudi. Halafu vita vikaja, miti ya pale ikakatwa kuchoma makaa, na mwamba ukakauka. Papa aling'oa mche wa mwisho aliouona, akawa anamngoja yule mtu. Kila asubuhi aliunywesha maji ya kikombe chake mwenyewe, maji tuliyoyapangia foleni tangu alfajiri. Nasema kweli, niliuonea wivu mmea ule.

Siku moja chakula cha msaada hakikufika. Ya pili, vilevile. Sisi watoto wa milimani tulizoea kutafuna mashina machachu ya mimea ya jamii ile tukichunga ng'ombe. Nikajiambia nitauma kidogo tu. Lo! Nilikula shina, majani, hata maua, na mizizi nikaifyonza udongo wake.

Papa aliporudi na dumu la maji alikuta kopo tupu. Nikajificha nyuma ya mama.

"Usimupige," mama alisema. "Mutoto alikuwa na njaa."

"Nani atamupiga?" Papa alikaa chini, akaniita mama, kama akina papa wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Ulishiba, mama?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Papa akalia, na mpaka leo sijui alikuwa akiulilia mmea au akinililia mimi.

Sasa naishi mtaa wa Mabanga, mjini Goma, nauza vitambaa. Nimekimbia tena mara mbili tangu siku zile, na nimechoka, sina maneno mazuri zaidi ya hayo. Papa alifariki akiwa bado analitunza lile kopo, na yule mgeni hakurudi. Juzi binti yangu, anayesoma chuo kikuu, alinionyesha kwenye simu orodha ya mimea iliyo hatarini. Picha ilikuwa ya mmea uleule, majani ya sikio la mbuzi. Wameandika kwamba habari hazitoshi, hawajui kama bado upo.

"Mama, unaujua huu?" aliuliza.

"Waandikie," nilimwambia. "Waambie ule wa mwisho niliula mimi. Na sikushiba."