Parachuti la Fundi Atakua

Kaka yangu ni fundi cherehani wa sare za shule, na watu humwita Atakua. Hajawahi kumshonea mtoto nguo inayomtosha. Mzazi akilalamika kwamba mikono ya shati inafunika vidole, kaka hata hamtazami, anakata uzi kwa meno na kusema, "Atakua." Mimi ninayekaa kwenye mashine ya pili, kazi yangu vifungo na pindo, nimemwambia mara nyingi kwamba wengine wanamaliza shule kabla ya kuifikia suruali. Ni mkaidi, lakini ndiye kaka niliyepewa.

Mkewe, yaani wifi yangu, anafundisha fizikia na ana klabu ya roketi. Ni roketi za karatasi ngumu, urefu wa mkono, na zinaruka kweli. Shida ni kushuka. Ya kwanza ilishuka na kiparachuti cha mfuko wa plastiki, ikatoboa paa la ofisi ya walimu. Ya pili ilikuja kichwa chini, ikamlaza kuku wa mlinzi, naye hakuamka. Mwalimu mkuu akasema watakaporusha tena Ijumaa, mbele ya wazazi, itakuwa nafasi ya mwisho: itue ndani ya uwanja, ikiwa nzima, la sivyo klabu inafungwa. Wifi aliniambia mimi, si mumewe, kwamba wakimnyang'anya klabu hiyo atabaki kusahihisha madaftari mpaka astaafu. Alisema hivyo akimenya viazi, bila kuinua uso, nikaogopa.

Akamwomba mumewe amshonee parachuti la nailoni nyepesi. Kipimo akakitaja mara mbili: upana wa nusu mita. Likiwa dogo, roketi itavunjika; likiwa kubwa, upepo utaichukua.

Alhamisi jioni tukaenda uwanjani kujaribu. Roketi ikapaa, parachuti likafunguka, la bluu, zuri, kamba zote zimenyooka. Kaka akakunja mikono kifuani, akasema ukiona vyaelea, vimeundwa. Vikaelea. Vikapita goli, vikapita ukuta, vikavuka barabara, tukavikuta juu ya paa la bohari la saruji. Ngazi tukaazima.

Wifi akatoa futi, akapima. Sentimita sitini na kitu.

"Niliachia kidogo," kaka akasema.

"Roketi haikui, mume wangu."

Hakupaza sauti. Ningekuwa mimi ningepaza.

Kupunguza ukingo kungetaka kufumua kamba zote, na roketi ilikuwa iruke asubuhi. Wifi akasema basi litobolewe katikati. Hewa ikipita hapo litashuka upesi zaidi, tena bila kuyumba. Tuliporudi kwenye cherehani zetu, kaka akashika mkasi, akaurudisha mezani. Miaka yote kazi yake ni kuziba matundu. Mteja akikuta mshono umeachia, yeye usingizi haupati. Akanitazama mimi nimtetee. Nikajifanya natunga uzi kwenye sindano.

Akatoboa tundu la ukubwa wa kifungo. Wifi akatikisa kichwa. Akalipanua mpaka likawa kama mdomo wa kikombe. Akatikisa tena. Kaka akasema kitambaa kikishakatwa hakirudi. Wifi akamuuliza, na klabu ikishafungwa? Hapo kaka akakata upana wa sahani, akalizungushia pindo safi.

Ijumaa wazazi walijaa, karibu wote wateja wake. Roketi ikapaa, parachuti likafunguka, na katikati yake kila mtu akaliona anga. Likashuka bila madoido, kama mtu anayeteremka ngazi za nyumbani kwake, likatua karibu na mstari wa kona, kwa ndani. Mwalimu mkuu akaigeuza roketi huku na huku akitafuta kosa, akalikosa, akasema klabu iendelee. Wifi akaketi kwenye nyasi akalia waziwazi. Nami nikalia, sioni aibu kusema.

Kaka alikuwa ameinama anakusanya kamba. Baba mmoja, aliyewahi kurudisha suruali kwa sababu ya uzi mmoja, akaliinua parachuti, akapitisha mkono kwenye tundu na kuuchezesha watu wauone.

"Fundi, hii vipi? Panya?"

Watu wakacheka. Kaka akanyanyuka, kamba mkononi.

"Nimetoboa mwenyewe," akasema. "Ndicho kipimo chake."