Vidonge vya Mama Mkwe Mdogo

Wivu wangu kwa mama mkwe mdogo ulianzia kiunoni. Tulikuwa rika moja, ila yeye aliolewa na baba mkwe baada ya mke wa kwanza kufariki, kwa hiyo nilimwita mama na yeye aliniita mwanangu, kwa sauti ya kunitania. Alikuwa na watoto wawili na kiuno chake kilikuwa bado cha msichana. Mimi nilikuwa na sita, wa sita akiwa bado ananyonya, na kila mwezi nilihesabu siku kwa hofu.

Baba mkwe alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha Kawetele, miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Mikutanoni alipenda kusema kwamba nchi changa inataka mikono, na kwamba vidonge vya majira, vya kuzuia mimba, ni hila ya wakubwa wa nje ya kutupunguza. Bila idhini ya mume, nesi wa kliniki ya Tukuyu hakutoa kitu. Nilipomwomba mume wangu anisindikize, alinijibu, "Unataka nimpinge mzee mbele ya watu?"

Siku moja, tukimenya ndizi jikoni kwa mama mkwe, niliona pakiti ya vidonge imechomekwa kwenye ukuta wa mianzi. Hakuona haya.

"Baba yenu ndiye aliyenipeleka," alisema. "Mama yenu mkubwa alimfia mikononi akizaa wa tisa. Amesema hataki kuzika tena."

Mtu mwema angemhurumia yule mzee. Mimi nilizidi kuona wivu. Kumbe mwenye kiuno cha kulindwa ni mmoja tu, sisi wengine tulizalie taifa.

Kumkabili mwenyewe sikuweza. Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe: ukisikia kikohozi chake njiani, unaingia migombani na kujifunika khanga hadi apite. Ukiwa na neno la kumfikishia, unamwambia mtu mwingine kwa sauti, naye analisikia huko aliko.

Mkutano uliofuata nilikaa nyuma ya migomba pamoja na wakamwana wenzangu, kama kawaida. Mzee alipofika kwenye mikono ya taifa, nilimgeukia jirani yangu nikapaza sauti.

"Dada, hebu niulizie. Vile vidonge anavyomeza mama mkwe mdogo kila asubuhi, ni kwa faida ya taifa gani?"

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Mkutano ulifungwa bila wimbo. Nilirudi nyumbani nikijisifu moyoni, nikiamini kwamba mzee ataona aibu, atamwita mwanawe na kumwambia ampeleke mkewe kliniki.

Hakumwita. Aliingia jikoni na wajumbe wawili wa nyumba kumi, akachomoa ile pakiti ukutani na kuitia motoni, ili wakawaambie watu kwamba nyumba ya mwenyekiti ni safi. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti palepale akichochea kuni.

Mwaka uliofuata tulipanda mlima wa kwenda kliniki pamoja, matumbo yametutangulia, njia ikiteleza kwa mvua. Katikati alisimama akashika kiuno, kiuno kile kile, na uso wake ulikuwa umevimba. Tangu mimba iingie mzee alikuwa hapati usingizi, aliniambia, anakaa tu mlangoni akimtazama. Nilitaka kuomba radhi, nikaishia kumshika mkono asiteleze.

"Mwanangu," alisema, na safari hii hakuwa akinitania. "Kila nilipokwenda kliniki, nesi alinipa pakiti za ziada. Nilikuwa nampa mke wa mjumbe mmoja, kati ya wale wawili walioshuhudia pakiti yangu ikiungua. Ungeniomba tu, na wewe ningekugawia."