Maoni ya Kambi Juu ya Filamu ya Ndege Nane

Ukumbi wa kambi yetu ya wafanyakazi wa shaba ulinuka nta nyekundu. Kila Jumamosi wanawake wawili walipiga magoti wakaisugua sakafu hadi ikang'aa, na Jumapili mchana, mashine ya filamu ilipowashwa, taa yake iliunguza vumbi, na harufu hiyo ya vumbi la moto ikachanganyika na ya nta na ya masweta yaliyotoka kutolewa sandukuni. Kwetu Lubumbashi miezi ya kiangazi ndiyo miezi ya baridi. Asubuhi tulikwenda shule tukipuliza mvuke midomoni, mchana majivu ya nyasi zilizochomwa porini yalituangukia vichwani, na moshi wa bomba kubwa la kiwanda ulipoelekea upande wetu tulikohoa kambi nzima, wakubwa kwa wadogo. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Majina ya ubatizo yalikuwa yamewekwa kando, watu wazima waliitana citoyen na citoyenne, yaani mwananchi, na sisi sote, kwa unga tulioupokea na kwa nyumba tulizolala, tuliishi kwa shaba. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Kiangazi hicho ndicho filamu ya Ndege Nane ilipokuja.

Ndege Nane lilikuwa jina la bendi. Vijana wanane wa kambi hiyohiyo waliianzisha kabla sijazaliwa, wakapiga kwenye ndoa na kwenye sikukuu mpaka mtengeneza santuri mmoja akawaita Kinshasa. Walipanda treni ya kwenda Ilebo, na kutoka huko meli ya mtoni. Nyimbo zao zilisikika redioni miaka miwili, kisha bendi ikavunjika, mwimbaji wao akafia hukohuko, wengine wakatawanyika. Katika mji wetu walibaki wawili tu. Mmoja alikuwa Baba Tshibangu, aliyepiga gitaa la besi, mtu wa asili ya Kasai, aliyerudi na kufungua duka la vitambaa. Wa pili alikuwa baba yangu, Kalumba, mpiga ngoma, ambaye hakuondoka kabisa. Mama alitueleza sababu tangu tukiwa wadogo: siku ya safari bibi yetu aliugua, na baba yenu si mtu wa kumwacha mama yake kitandani. Baba mwenyewe hakuwahi kuizungumza habari hiyo. Alifanya kazi kwenye tanuri la kuyeyushia shaba, Jumapili alikuwa shemasi kanisani, na ngoma yake pekee tuliyoijua ilikuwa vidole viwili juu ya meza wakati akingojea bukari, ugali wetu, midundo midogo iliyotufanya sisi watoto tutikise mabega bila kujua.

Gari lenye spika lilipopita likitangaza kwamba televisheni ya Kinshasa imetengeneza mchezo wa filamu juu ya Ndege Nane, na kwamba utaonyeshwa kwetu kwanza, kambi ilishikwa na homa. Wanawake walisuka nywele upya. Mama alimpigia baba pasi koti lake la kanisani. Tuliketi safu ya tatu, mimi katikati yao, na taa zilipozimwa niliona kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nywele zinanisimama: mitaa yetu, miti yetu ya jakaranda, kilima cheusi cha mabaki ya shaba, vyote vikiwa vikubwa kuliko vyenyewe, na mtu mwenye jina la baba yangu akitembea katikati ya vyote hivyo, uso wake mpana kama ukuta wa nyumba. Mwigizaji alikuwa mnene, baba ni mwembamba. Mama alicheka akafunika mdomo kwa kitambaa. Mimi sikucheka. Nilidhani baba amekuwa wawili, na kwamba huyu aliyekaa kimya kando yangu ndiye mdogo.

Kisha ikaja siku ya treni. Kwenye filamu wenzake saba wanasimama kituoni na masanduku yao, wanamngojea mpiga ngoma. Picha inahama, na tunamwona Kalumba yule mnene amelala nyuma ya baa, chupa kifuani, akikoroma. Kuku anapanda juu ya tumbo lake. Treni inapiga honi. Anaamka, anakimbia na kiatu kimoja, anaanguka ndani ya mtaro. Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga mapaja, walishikana mabega, mzee mmoja nyuma yetu alicheka mpaka akakohoa. Nilimtazama baba. Alikuwa anacheka naye, kidogo, kama mtu anayecheka kwa adabu ugenini. Mikono yake tu ndiyo haikucheka. Ilikuwa imelala juu ya magoti, viganja juu, imekufa.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Shuleni watoto waliniona wakapiga honi ya treni kwa midomo. Bombani wanawake walinyamaza mama alipofika na ndoo. Jumatano wazee wawili wa kanisa walikuja nyumbani, wakakaa na kofia zao mapajani, wakasema kwa upole kwamba kanisa letu linajulikana kwa kutogusa pombe, na kwamba shemasi ambaye mji mzima umemwona akikoroma na chupa ni jambo gumu, hata kama ni la zamani. Baba aliwajibu kwamba hajawahi kuonja pombe. Walitikisa vichwa. Mmoja akasema, "Tunakuamini, ndugu. Lakini bantu balikuona." Hakusema wamemwona mwigizaji. Alisema watu walikuona. Nilikuwa mlangoni nikayasikia maneno hayo, na nikaelewa kwa mara ya kwanza nguvu ya kitu nilichokuwa nimekiangalia kwa kinywa wazi.

Mtengeneza filamu, kijana mwenye miwani aliyeitwa citoyen Mbala, alikuwa ameahidi kurudi Jumapili ya pili kusikiliza maoni ya watazamaji. Mama alijiandaa kwa siku hiyo kuliko alivyojiandaa kwa filamu. Kila jioni wakila alimpangia baba maneno. "Utasimama, utasema mama yako alikuwa mugonjwa. Basi. Kila mutu atanyamaza. Nani atabisha na mama mugonjwa?" Baba alitafuna akatazama sahani. Bibi alikuwa ameshafariki. Hakukuwa na mtu wa kumkanusha. Hata mimi, katika umri ule, niliona kwamba njia ilikuwa imefunguliwa, na ilikuwa njia fupi.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa hadi madirishani. Citoyen Mbala alisimama mbele na daftari, na maoni yakaanza, na sijawahi tena kusikia watu wakizungumza juu ya kazi ya sanaa kwa moto kama ule. Mfanyakazi wa tanuri alisimama akasema, "Citoyen, ile kiwanda ya mu filme haiko ya kwetu. Bantu banatoka kazini na mashati nyeupe! Miye nikitoka kazini, muke wangu ananijua na sauti tu." Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alilalamika kwamba mwanamke aliyeigiza mama wa mwimbaji alisonga bukari kwa kijiko cha chai. Mwalimu wetu aliisifu filamu kwa Kifaransa kirefu, watu wakamngojea amalize. Kijana mmoja alisema hajali kijiko wala mashati. Aliposikia gitaa la kwanza alitaka kulia, na hajui kwa nini, na anataka kumshukuru mtu lakini hajui amshukuru nani. Nilitazama huku na huku nikastaajabu: watu ninaowajua kwa foleni ya unga na kwa ugomvi wa kuku walikuwa na mambo kama hayo vifuani mwao.

Ndipo baba aliponyanyuka. Minong'ono ilipita, mtu mmoja akapiga honi ya treni, akanyamazishwa. Baba alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Citoyen," alisema, "filme yako iko muzuri. Nalicheka pamoja na bantu. Lakini ile siku sikulewa. Tangu kuzaliwa sijaonja pombe."

Wazee wa kanisa walitazamana. Mama aliinua kidevu, akingojea.

"Na mama yangu hakukuwa mugonjwa," baba akasema. "Alikuwa muzima. Alinifungia chakula ya safari mu kitambaa."

Nilihisi mama akiganda kando yangu. Baba aliendelea, polepole, kama mtu anayebeba kitu cha moto na hataki kukimwaga. Alifika kituoni kabla ya wenzake wote. Alisimama nyuma ya mabehewa ya makaa. Kutoka hapo aliwaona wakija mmoja mmoja, akawasikia wakimwita jina, akamwona Tshibangu akipiga mluzi wao wa zamani na kugeuka kila upande. Alikuwa hatua thelathini kutoka kwao. Treni ikaondoka, naye akarudi nyumbani kwa miguu akipitia njia ya nyuma.

"Juu ya nini haukutoka?" aliuliza citoyen Mbala. Alikuwa ameshusha daftari.

"Naliogopa."

Baba akaendelea kwa sauti ya chini, lakini ukumbi ulivyokuwa kimya kila mtu alisikia. "Hapa kwetu mulinipigia makofi sababu munanijua. Miye mutoto wenu. Kule hakuna mutu ananijua. Kule batasikia ngoma tu. Naliogopa basikie ngoma, baone haitoshi." Akamgeukia kijana mwenye daftari. "Citoyen, pombe iko hadisi nzuri kuliko yangu. Acha filme vile iko. Lakini miye nasema yangu, sababu mutoto wangu iko hapa."

Akaketi. Sikuthubutu kumtazama usoni. Nilitazama mikono yake, bado imeshika kiti cha mbele, na nilihisi kitu ambacho skrini ile kubwa, pamoja na mwanga wake wote, haikunipa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba wakubwa hawaogopi. Wakuu wa nchi tuliowaimbia shuleni kila asubuhi hawakuogopa, mashujaa wa filamu hawakuogopa. Na huyu hapa baba yangu, mwembamba, katika koti la kanisani, alikuwa amesimama mbele ya kambi nzima akalisema neno hilo, na paa halikuanguka. Alionekana mrefu. Naapa kwamba alionekana mrefu hata akiwa ameketi.

Baba Tshibangu alisimama upande wa pili wa ukumbi. Alikuwa mtu mzito, mwenye suti ya kitambaa kizuri, na alilia waziwazi bila kujifuta. "Kalumba, ni miye nalimwambia huyu kijana ulilewa," alisema. "Miaka yote nalikuwa nawaza ulituzarau. Mu treni balisema hivyo: Kalumba anatuzarau. Njo maana nikasema pombe. Mulevi, unaweza kumusamehe." Kisha akaongeza, "Na tulipofika kule, ngoma ya ule tulimupata mu nafasi yako ndiyo haikutosha."

Baadhi ya watu walicheka, wengine walipiga makofi, wengi walikaa tu. Citoyen Mbala hakuandika chochote. Alifunga kalamu yake, akashukuru, akasema filamu imekwisha kutengenezwa na haiwezi kubadilishwa, na hilo lilikuwa kweli. Ilionyeshwa miji mingine pamoja na kuku wake na mtaro wake. Wazee wa kanisa walimwacha baba katika ushemasi. Shuleni wengine waliacha kupiga honi, wengine hawakuacha.

Mama alikasirika kwa siku tatu. Alimwekea baba sahani bila neno, na mimi nilimwelewa, maana alikuwa amefanywa mwongo mbele ya wanawake wa bombani. Siku ya nne, akiwa amempa mgongo anachochea makaa, alisema, "Kama ungetoka nyuma ya yale mabehewa, miye ningeolewa na nani? Na yule mwenye duka la baiskeli?" Baba alisema yule mwenye baiskeli alikuwa mtu mzuri sana. Mama akamtupia kitambaa cha sufuria, wakacheka wote wawili mpaka moshi ukawaingia machoni. Baada ya kula, baba alitoka akaenda kwa Baba Tshibangu. Tangu wiki hiyo alikwenda kwake kila Jumapili baada ya ibada, na tukipita nje ya duka tulisikia besi na ngoma, bila mwimbaji.

Baba na Baba Tshibangu wote wamekufa sasa. Ukumbi umekuwa ghala, kambi imegawanywa na kuuzwa nyumba kwa nyumba, na bomba kubwa linasimama lakini kwa siku nyingi halitoi moshi. Wanangu wanatazama filamu kwenye simu, na wanaandika maoni yao palepale, maelfu ya watu kutoka kila pembe, wakali, wenye akili, wepesi kuchekesha kuliko sisi tulivyokuwa. Sisemi sisi tulikuwa bora. Sisi tulimcheka mtu akiwa ameketi katikati yetu. Lakini kwa sababu alikuwa ameketi katikati yetu, aliweza kusimama, na tulilazimika kumtazama. Nimetafuta filamu ile kwa miaka. Wanasema mikanda iliharibika kwa unyevu, hakuna anayelijua hata jina la mwigizaji yule mnene. Mwezi uliopita, sokoni, mwanamke mzee anayeuza samaki wakavu alinishika mkono, akanitazama usoni kwa muda mrefu. Nilidhani ataniuliza kuhusu kuku na mtaro.

"Weye njo mutoto wa ule mutu alisema aliogopa?" akauliza.

"Njo miye, mama," nikamjibu.