Baiskeli Zinazopita Mlangoni Kwangu

Ulikuwa mwaka wa michembe. Mnyauko ulikuwa umemaliza migomba yetu mpaka mashina yakalala chini kama walevi, maharage yakaoza kwa mvua, na sisi watu wa ndizi tangu tumboni tukaanza kutafuna viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, chakula cha Wasukuma. Asubuhi michembe, jioni michembe. Aliyekuwa nayo kuliko wote hapa kwetu ni mke mwenzangu, maana yeye ni Msukuma na kwao hawakai bila kuanika kitu. Mwaka huohuo ndipo baiskeli za wageni zilipoanza kupita.

Nieleze kwanza nyumba zetu zilivyokaa, kwa sababu maneno yote yametoka hapo. Mume wetu, Mungu amlaze pema, alinijengea mimi bondeni karibu na maji. Mimi ni mke wa kwanza, na mke wa kwanza hapewi kazi ya kupandisha ndoo. Alipomleta huyu wa pili kutoka upande wa Shinyanga, akamjengea juu kabisa kilimani, kwenye upepo na mawe. Nilifurahi. Kila nilipomwona anapandisha maji kichwani, niliona mume wangu ana akili. Kati ya mlango wangu na mlango wake kuna kilima kimoja cha barabara nyekundu, na sijamsikia mtu akikipanda bila kukitukana.

Sasa mjukuu wangu. Ni binti wa mwanangu, damu yangu, nimemlea tangu anaota meno. Baiskeli nimemfundisha mimi, kwenye ile nyeusi ya babu yake, akipitisha mguu chini ya chuma, amepinda kama mbuzi aliyenasa kwenye uzio. Na nani mwingine angemfundisha? Kwetu huku hakuna mwanamke aliyepanda baiskeli kabla yangu. Nilifunga mikungu pande zote za keria nikaenda nayo mnadani, na wanaume wakasema tumbo litageuka, sitazaa. Nikazaa mpaka nikachoka.

Huyo mjukuu ndiye anayewaongoza wageni. Wengine Wazungu, wengine Watanzania wenzetu wa mjini, wamevaa suruali za kubana na kofia ngumu. Wanaanzia Biharamulo kwenye boma la Mjerumani, wanapita Nyarubungo na Bisibo kwa njia za mashambani, wanaikwepa lami yenye malori ya Rwanda, halafu wanaingia Ngara kwa huku Kasulo, kilima baada ya kilima. Wanaonyeshwa kanisa la zamani la matofali ya kuchoma. Wanaonyeshwa mivumu, ile miti mikubwa inayoonyesha lilipokuwa boma la mwami, mtawala wetu wa zamani. Wanahangaika hivyo kwa kupenda. Hawabebi hata mkungu mmoja.

Siku ya kwanza nilisikia kengele, nikatoka na kitenge kipya. Wakaja kutoka kilima cha ng'ambo wanaserereka kama mawe, mjukuu wangu mbele.

"Shikamoo Bibi," akasema kwa sauti ya kupita.

Nikafungua mdomo niseme marahaba, wameshapita. Marahaba yangu ikachukuliwa na vumbi. Nikabaki nawatazama migongo, wanakata pumzi, wanayumba, mpaka juu, na juu wakasimama. Kwa mke mwenzangu. Walikaa huko mpaka kivuli cha nyumba yangu kikafika zizini. Nilimsikia anacheka. Ana kicheko cha kuku aliyetaga.

Kwetu mgeni ana njia yake. Kwa mtu mwenye wake wawili, mgeni akija, hata awe ndugu wa tumbo moja na yule mdogo, anaanza nyumba kubwa. Anapewa kiti, anaonja pombe au maji, ndipo anaweza kwenda anakotaka. Akianzia nyumba ndogo ni kama amesema mimi nimekufa. Mume wetu mwenyewe, akitoka safari, alianza kwangu, hata kama moyo wake ulikuwa umeshatangulia juu.

Jioni mjukuu aliposhuka nikamuuliza, "Wasio na adabu ni wageni wako au ni wewe?"

"Bibi, wanakuja na mwendo. Wakisimama hapa bondeni mwendo unakufa wote, kilima kinawashinda."

"Mimi nilikuwa nasimama, tena na mikungu."

"Hukuwa unasimama. Uliniambia mwenyewe, bondeni mtu hashiki breki."

Ni kweli nilimwambia. Lakini nilimfundisha apande baiskeli, sikumfundisha anijibu. Nikampakulia. Nilikuwa nimempikia ndizi za mgomba uliobaki, nimezitunza kwa ajili yake. Akaisogeza sahani pembeni. Ameshiba. Bibi Mdogo amepika michembe ya karanga, akasema, wageni wamelamba mpaka sufuria.

Halafu akaanza kunisimulia mimi habari za mivumu. Mimi. Jinsi ngoma ya mwami ilivyokuwa ikilia, watu wanaacha majembe shambani.

"Nani kakuambia?"

"Bibi Mdogo. Anawasimulia wageni wakiwa wanapumzika."

Mke mwenzangu alipofika hapa, mivumu aliiona kuni tu. Hadithi hiyo nilimpa mimi, tukipalilia pamoja, enzi zile tukisemeshana vizuri. Na mimi nilipewa na baba yangu, ambaye alikuwa akiingia katika boma hilo na kutoka.

"Anasema ngoma ilikuwa ya ngozi ya chui," mjukuu akasema.

"Ya ng'ombe."

"Wageni wamependa ya chui, Bibi."

Sikupata usingizi mzuri wiki ile. Nilikuwa nauona ule ua wa juu, upepo na mawe, umejaa watu, na yule ameketi katikati anagawa chakula chake na maneno yangu, na mtoto wangu anatafsiri. Mtu anaweza kukuibia mume ukazoea. Mume anagawanyika. Mjukuu hagawanyiki.

Basi nikapika pombe ya mtama. Siku ya msafara mwingine nilibeba kigoda changu nikakiweka katikati ya barabara, chungu pembeni, mirija ndani, kata mkononi. Nikakaa. Nikasema leo wataanza nyumba kubwa, wapende wasipende.

Wakatokea ng'ambo. Mjukuu aliponiona akapiga kengele, akapiga tena. Sikuinuka. Wakashika breki wote pamoja, vumbi likatufunika, na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akanipita kwa pembeni akaingia kwenye mtaro wa maji ya ng'ombe na baiskeli yake. Akatoka ana tope mpaka masikioni. Akatafuta miwani, akaivaa, akaniona nimenyoosha kata. Sijui aliona nini usoni kwangu. Alikuja, akaipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa, akanywa. Na wenzake wakanywa. Wakauliza ile ni nini, wakarudia.

Nilikuwa malkia kwa muda huo. Nilitazama juu kilimani na nikamwona mke mwenzangu amesimama uani, mkono juu ya macho, sufuria lake linapoa.

Kisha ikabidi wapande. Bila mwendo, na pombe ya mtama iko kwenye magoti. Hakuna aliyepanda. Walisukuma baiskeli kama watu wanaopeleka maiti, na mmoja akalala kwenye majani pembeni ya njia akasema yeye amefika. Gurudumu la yule mzee lilikuwa limepinda, spoki zimechomoka. Safari yao ikaishia hapo. Wakalala kwa nani? Kwa mke mwenzangu. Nilikuwa nimempelekea wageni wa kulala, mimi mwenyewe, na pombe yangu.

Asubuhi mjukuu akashuka. Kwa kawaida huniita mke mwenza, utani wa wajukuu na bibi zao, kwa kuwa marehemu babu yake alikuwa akisema huyu ndiye mke wake wa tatu. Siku hiyo aliniita Bibi.

"Ungemuua yule mzee, Bibi."

"Hakufa. Alikunywa."

"Hii ni kazi yangu. Wakisema njia hii ina mtu anakaa katikati ya barabara, hawaji tena. Nitarudi kulima michembe?"

"Michembe hailimwi. Vinalimwa viazi."

Hakucheka. Akachuchumaa mbele yangu, akanishika magoti. Akasema ameshaongea na Bibi Mdogo, wamekubaliana. Nitakuwa napanda kabla wageni hawajafika, kiti changu kitakuwa mbele, wa kwanza kusalimiwa nitakuwa mimi, na habari za mivumu nitazisimulia mimi, ngoma ya ng'ombe na kila kitu. Yule atapika tu. "Kila mtu atajua wewe ndiye mkubwa," akasema.

Nikamtazama. Ana macho ya babu yake, yale ya kuomba jambo lililokwisha kuamuliwa. Mimi nipande kilima niende kukaribishwa kwenye ua wa nyumba ndogo, nipewe kiti na yeye, nipewe maji na yeye. Hapo mgeni ni nani?

"Sipandi," nikasema. "Nyumba kubwa haihami."

Akaniachia magoti. Halafu akasema, "Basi mimi nahamia juu. Baiskeli zinalala kule, wageni wanalala kule. Siwezi kupanda na kushuka kila siku kwa ajili ya hasira."

Akafunga godoro lake kwenye keria. Alilifunga vizuri, kwa mpira, fundo nililomfundisha la kufungia mkungu. Nilishika godoro upande mmoja ili lisipinduke. Nilimsaidia kuhama, ndiyo, kwa mikono yangu, maana lilikuwa linaelekea kuanguka.

Nyumba ikawa na sauti ya panya tu. Nilikuwa napika chungu kilekile cha watu wawili, nakula nusu, nusu nampa mbwa.

Kabla ya palizi kwisha, mke mwenzangu akashuka. Hakuwa na ndoo. Alikuja na bakuli limefunikwa, na hakusubiri kiti, alikaa chini kwenye majani, miguu amenyoosha upande mmoja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Mtoto hali vizuri huko juu."

"Kwani sufuria lako limetoboka?"

"Anakula kidogo, anaangalia huku bondeni. Nikimuuliza ananiambia anaangalia hali ya barabara." Akafunua bakuli. "Na mimi nimechoka na chui, dada. Juzi mgeni ameniuliza huyo chui aliuawa na nani, nikasema niliambiwa na dada, sikumbuki. Njoo uwaambie."

Nilichukua kipande. Ilikuwa michembe ya karanga na maziwa, laini, tamu, haina moshi. Nilitafuta kasoro kwa ulimi wote, sikuipata, na hapo ndipo kifua kilipowaka. Angekuwa mpishi mbaya ningekipanda kilima hicho nikiimba.

"Nitakushika mkono," akasema. "Tutapanda polepole. Tutapumzika njiani."

Kengele ikalia ng'ambo. Tuligeuza vichwa wote wawili. Msafara ulishuka, mjukuu wangu mbele, shingo ameinyoosha, hakushika breki. Alipofika usawa wa mlango alituona tumekaa pamoja, akatabasamu meno yote, akadhani yamekwisha.

"Shikamooni," akapita.

"Marahaba," mke mwenzangu akawahi. Yeye alijibu kabla vumbi halijafika.

Akainuka, akajikung'uta majani, akanyoosha mkono ule aliosema atanishika nao. Kule juu mjukuu alikuwa ameshuka kwenye baiskeli, amesimama ukingoni, anatazama bondeni. Anasubiri aone ni watu wangapi wanapanda.

"Sipandi," nikasema. "Nyumba kubwa haihami."