Redio Zilizofichwa Chini ya Meza

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu Kawira, kila nikisikia redio ikikwaruza kabla ya kushika stesheni. Nimeiwaza tangu Jumapili, uliponionyesha ukurasa wako kwenye simu, ukaniambia kwamba mwezi ukiisha bila kazi utafunga duka lako la ufundi wa mabomba pale Kaaga. Nilifumba macho. Ulidhani nimesinzia, nami nikakuacha udhani hivyo, maana mzee aliyelala haulizwi maswali. Kwa kweli nilikuwa nimeona kosa langu la ujana kwenye simu yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimejifunza kutengeneza redio, na mikono yangu, nisijisifu sana, ilikuwa mizuri. Nikakodi baraza ya duka moja sokoni Muthara, nikaweka meza na kiti. Lakini zile redio chache nilizoletwa na majirani zilitisha. Moja ilifungwa kwa mpira wa baiskeli, nyingine ilikuwa nyeusi kwa moshi wa jikoni na ndani mende wamezaliana. Nikazionea haya. Nikazisukuma chini ya meza, nikazifunika kwa gunia. Juu nikaweka redio kaseti kubwa ya spika mbili, niliyoazima kwa binamu yangu aliyekuwa akiuza miraa Maua. Niliipangusa kila asubuhi. Vijana wakajaa, wakacheza, wakanisifu. Kazi haikuja. Nikajiambia chema chajiuza, nikaongeza sauti.

Kulikuwa na mzee aliyepita mbele yangu kila asubuhi akipeleka maziwa, Mzee M'Ikiara. Tulisalimiana tu. Siku hiyo alisimama, akiwa na kitu kwapani kimefungwa kwa leso ya mkewe.

"Mama wa chai hapo kando ananiambia wewe hutengeneza redio," alisema. "Ni ukweli?"

"Ni kweli, mzee."

Ndani ya leso mlikuwa na redio; niliifungua nikakuta waya mmoja wa betri umeachia. Nikauchomelea, na kabla kikombe cha chai alicholetewa na yule mama hakijapoa redio ikaongea. Nilimtazama nikingoja tabasamu. Mzee alikuwa analia kimya kimya, kofia mkononi.

"Hii ilinyamaza wiki mbili zimepita," akasema. "Wiki hiyo hiyo, mtu wa rika yangu akafariki huko Embu kwa mtoto wake. Tulitahiriwa siku moja, mimi na yeye. Walitangaza kwa redio jioni tatu. Mimi nilijua wakishamzika."

Ninyi mna vikundi vya simu vya matanga, huenda usione uzito wake. Siku hizo matangazo ya vifo ya jioni ndiyo yaliyokuwa mjumbe wetu. Na mtu wa rika lako ni zaidi ya ndugu. Akizikwa bila wewe kutupa udongo kaburini, hakuna atakayekulaumu, lakini moyo wako hautulii.

"Lakini mzee, si wewe hupita hapa kila siku?" nikamuuliza. Ujinga wa ujana huo.

"Napita. Lakini naona hapa ni pahali ya vijana ya kucheza muziki. Sijawahi ona redio mbovu kama yangu hapa." Kisha akaniwekea mkono begani, taratibu kabisa. Angenitukana ningepona upesi. "Kijana yangu, mtu ako na shida hatafuti kitu ya kung'aa. Hutafuta shida kama yake, aone ni nani aliimaliza."

Jioni ile nilimrudishia binamu yangu redio kaseti yake. Nikatoa zile redio mbovu nikazipanga juu ya meza, zilizopona upande mmoja na zinazongoja upande mwingine, nikaandika kwa chaki: REDIO MBOVU LETE HAPA. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na wao hawakuwa na haya kama mimi. Siku za soko M'Ikiara mwenyewe alikuja kuketi kando yangu, redio yake mapajani, akimweleza kila aliyepita ni waya gani ulikuwa umekufa. Sikumwomba aje, na kazi ikaanza kuja. Nilimpenda mzee yule kama ninavyokupenda wewe.

Miaka ikapita. Jioni moja nilikuwa na redio tatu mezani, zote zimepona, zote zimewashwa, na zote zikatangaza kifo cha M'Ikiara kwa pamoja. Nikafunga meza. Nilifika mapema, nikatupa udongo kaburini kwa mkono wangu.

Sasa, kitindamimba wangu, nimekuona kwenye ukurasa wako ukicheza na bomba la maji begani, na nimecheka mpaka mama yako akaja kuuliza kulikoni. Nimeona na picha za bafu za ng'ambo, na maneno ya kutia moyo kila Jumatatu. Watu wamekusifu sana. Lakini kuna mama huko Kaaga amesimama ndani ya maji jikoni kwake, simu mkononi, anakupita kwa sababu hajaona jikoni kama kwake. Mwonyeshe huyo. Piga picha ya bomba lililopasuka, na kutu yake na matope yake, halafu upige nyingine likiwa kavu. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kwanza, usimwaibishe mtu kwa sinki lake. Sema uko wapi na unafika lini. Mweleze afunge valvu gani akikungoja, hata kama mwishowe hatakuita. Aliyesaidiwa bure halisahau jina. Na mteja akitaka kukusifu, mwache aseme mwenyewe, kwa Kimeru chake. Kucheza usiache kabisa, lakini ucheze ukishamaliza kazi.

Usifunge duka mwezi huu. Toa kwanza ulichoficha chini ya meza.

Murungu akutharime, Kawira. Akubariki wewe na mikono yako, maana ni mizuri kuliko ilivyokuwa yangu. Na yule anayepita mbele ya duka lako kila asubuhi, shida yake ikiwa kwapani, Mungu amfumbue macho akuone mapema.