Kazi ya mwanangu kwenye barafu

Nimewaficha kazi halisi ya mwanangu, na sitaki kuzikwa na siri hiyo.

Mji wetu mzima wa Baraka mnajua anacheza hoki ya barafu ng'ambo. Hapa kwetu barafu tunaijua ya kuhifadhi samaki tu.

Leo majirani wameniletea video kwenye simu, hapa kitandani ninapougulia.

"Papa Champion, angalia mutoto yako!"

Nikamwona anatupa glavu, anamkamata mpinzani wake jezi, anampiga ngumi za uso mpaka damu ikadondoka kwenye ile barafu nyeupe.

Uwanja mzima ulisimama kushangilia.

Na chumbani mwangu pia! Mama Riziki, mwimbaji wetu wa kwaya, alipiga vigelegele.



"Bamama, munafurahia nini? Ule naye iko na mama yake."

"Aa, Papa! Ule alimukosea!"

"Alimukosea nini?"

Wakairudisha video mwanzo.

Niambieni, wapendwa, nyinyi mngeshangilia?

Alimkosea nini? Mimi jibu ninalo tangu zamani. Yule kijana hakumkosea kitu. Mwanangu aliniambia mwenyewe, akilia kwenye simu: "Papa, habakunichukua mu timu juu ya kufunga magoli. Balinichukua juu ya kupiga batu."