Barua Mbili za Naibu wa Chifu

Hospitali ya serikali tuliijua ni ya bure. Halafu miaka ile ya tisini, sijui nani aliamka na wazo hilo, wakaanza kulipisha. Mama alikuwa na uvimbe tumboni, daktari akasema lazima apasuliwe wiki hiyo hiyo. Baba alishatutoka, mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na pesa sikuwa nazo. Nikaambiwa asiyejiweza alete barua ya chifu, atasamehewa.

Nikarudi kijijini kwetu Kasikeu mbio. Naibu wa chifu, mzee wa kanisa letu, akaandika kwa moyo wote. Afisa wa kusamehe gharama aliisoma, akanikodolea macho. Barua ilisema, "Mama huyu ni mcha Mungu, anaheshimika, na binti yake anamtunza vizuri." Jamani! Mzee alidhani hospitali inatafuta watu wazuri. Kwetu humwandiki mama wa watu kuwa maskini, tena kwa serikali. Hayo ni matusi.

"Kama binti anamtunza, basi binti alipe," afisa akasema.

Nilikasirika, lakini nimkasirikie nani? Kesho yake nikarudi tena kwa mzee. Yeye hakunielewa, na mimi nilikuwa sijielewi. Mwishowe aliandika, huku akitikisa kichwa, kwamba Mama hana mali wala mtoto wa kumsaidia.

Hiyo ya pili afisa mwingine wa zamu aliisomea kando ya kitanda cha Mama, kwa sauti, wodi nzima ikisikia. Kisha akaniuliza, "Na wewe ni nani wake?"

Nikisema mtoto, barua ni ya uongo na Mama hapasuliwi.

"Jirani," nikasema.

Akagonga muhuri. Mama akageukia ukutani. Nilitaka kushukuru na nilitaka kulia, sikujua kipi kitangulie.

Afisa hajafika hata mlangoni, nesi akaja na wino na fomu ya kukubali upasuaji. "Ndugu wa mgonjwa yuko wapi aweke sahihi?"

Nilimtazama afisa, nikatazama sakafu.

Mama akajiinua kwa kiwiko, akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza kwenye fomu.

"Naweka mwenyewe," akamwambia nesi. "Mimi sina mtu."